Mashine Inapovuja, Hulipa Mwenyewe na Jirani

Kazi nyingi za vipuri vya magari katika Kaunti ya Mombasa hufanyika upande wa bara. Miritini kuna kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, maarufu kama AVA, ambacho kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970. Kando ya barabara kuu ya kuelekea Nairobi, kuanzia Changamwe, kuna karakana za kuchomelea trela na matangi ya malori, kukunja springi na kufufua redieta. Kisauni na Likoni kuna mafundi wa jua kali wanaounda bodi na viti vya matatu, wanaotengeneza ekzosi, na wanaopiga rangi kwenye viwanja vya wazi. Ng'ambo ya Likoni, Dongo Kundu, serikali ya kitaifa imetenga takriban ekari 3,000 kwa ajili ya eneo maalum la kiuchumi, na viwanda zaidi vinatarajiwa huko.

Karakana hizi, kubwa kwa ndogo, zinafanana kwa jambo moja. Kila kinachopotea kwenye mashine, iwe ni hewa, joto, mafuta, rangi au vumbi la madini, kwanza kimelipiwa na mwenye mashine. Kikishapotea hakitoweki. Huenda kwa jirani kikiwa moshi, maji machafu kisimani, au kelele za usiku. Wenye karakana wengi wanaposikia neno mazingira hufikiria leseni, faini na gharama ya ziada. Ni kweli gharama ipo, lakini sehemu kubwa ya uchafuzi unaotoka kwenye karakana ni mali yao wenyewe inayotoka nje bila kupita kwenye risiti. Makala haya yanaeleza upotevu huo hutokea wapi, unapimwaje bila vifaa vya bei ghali, na ni wapi hesabu ya faida peke yake haitoshi.

Hewa iliyolipiwa

Katika karakana nyingi, kinachokula pesa zaidi ni kile kinachonguruma siku nzima bila mtu kukitilia maanani: kompresa. Hewa iliyoshindiliwa huendesha bunduki ya rangi, spana za hewa, presi na mashine za kusafishia. Kwa kuwa hewa yenyewe ni ya bure, watu hudhani kuitumia pia ni bure. Ukweli ni kwamba kati ya kila yuniti 10 za umeme zinazoingia kwenye kompresa, takriban 8 au 9 hugeuka kuwa joto. Kazi inayofika kwenye ncha ya kifaa ni kidogo mno. Hakuna nishati ya karakanani iliyo ghali kuliko hiyo, na bado ndiyo inayotumiwa kupulizia vumbi sakafuni na kujipoza jasho mchana.

Tatizo kubwa zaidi ni kuvuja. Katika kiwanda kisichotunzwa ni kawaida robo ya hewa yote kupotelea kwenye maungio, mipira iliyochakaa na vali zisizofunga. Tundu la milimita 3 kwenye paipu yenye presha ya bar 7 hula umeme wa karibu kilowati 3. Kompresa ikifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, tundu hilo limekula yuniti 9,000. Ukichukua bei ya shilingi 20 kwa yuniti, hizo ni shilingi 180,000 kwa mwaka. Mpira na klampu ya kuliziba havifikii hata sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Kupima uvujaji hakuhitaji mtaalamu. Wakati wa chakula cha mchana, vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kompresa iachwe imewashwa. Kama hakuna panapovuja, itajaza tangi na kunyamaza. Kama inavuja, itawaka tena yenyewe. Mtu akae na saa aandike: imejaza kwa muda gani, imepumzika kwa muda gani. Ikiwa inajaza kwa dakika 2 na kupumzika dakika 6, basi katika kila dakika 8 dakika 2 zinatumika kulisha matundu tu. Hiyo ni asilimia 25. Baada ya hapo, maji ya sabuni na brashi yatapakwa kwenye kila ungio; panapotoa povu ndipo panapovuja. Zoezi hili lirudiwe kila mwezi, kwa sababu mipira huchakaa tena.

Kuna tabia nyingine ya kuongeza presha kila vifaa vinapolegea. Kila bar moja inayoongezwa huongeza matumizi ya umeme kwa karibu asilimia 7, na presha ikipanda, matundu nayo huvuja kwa nguvu zaidi. Mara nyingi kilicholegea si kompresa. Ni chujio lililoziba, au paipu nyembamba iliyounganishwa kwa ajili ya kazi ya muda na haikuondolewa tena.

Mombasa ina shida yake ya ziada, nayo ni unyevu. Hewa ya pwani hubeba maji mengi, na ikishindiliwa maji hayo hutengana na kukaa chini ya tangi. Yasipotolewa kila asubuhi hupita hadi kwenye bunduki ya rangi na kuharibu kazi, au hukaa na kulila tangi kwa kutu kutoka ndani. Tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka kama bomu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka matangi ya hewa yasafishwe na kukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Maji yanayotolewa kwenye tangi huwa yamechanganyika na mafuta ya kompresa, kwa hiyo yakusanywe kwenye mtungi. Yasimwagwe uani.

Saa nane za kazi, saa nne za mali

Hasara nyingine haisikiki kama hewa inayovuja. Ni mashine nzima inayozunguka bila kutoa mali ya kutosha. Kipimo kinachotumiwa na viwanda vya magari duniani kilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, na utunzaji wa mashine unaotumia kipimo hicho ulianza kupata sifa katika kampuni ya vipuri ya Nippondenso, iliyokuwa ikiiuzia Toyota, mwaka 1971. Kipimo hicho huuliza maswali matatu. Mashine ilikuwa tayari kwa muda gani? Ilipokuwa ikifanya kazi, ilikwenda kwa kasi yake? Na katika ilivyotoa, vizuri vilikuwa vingapi?

Chukua presi inayokata vibati vya kushikilia ekzosi. Zamu ni ya saa 8, yaani dakika 480. Dakika 96 presi ilisimama: umeme ulikatika, kisha fundi alitafutwa, kisha kalibu ikabadilishwa. Zilibaki dakika 384, ambazo ni asilimia 80. Kwa kasi yake presi hukata vibati 5 kwa dakika, kwa hiyo ilitakiwa kutoa 1,920. Ilitoa 1,440, kwa sababu ilikuwa ikikwama na kupunguzwa kasi. Hiyo ni asilimia 75. Kati ya hivyo 1,440, vilivyofaa kuuzwa vilikuwa 1,296, yaani asilimia 90.

Kila namba peke yake haitishi. Lakini zizidishwe pamoja: 80 kwa 75 kwa 90 huleta asilimia 54. Karibu nusu ya uwezo wa mashine imepotea, na mwenyewe alidhani siku ilikuwa nzuri. Viwanda vinavyosifiwa hulenga asilimia 85.

Kwa mazingira, hesabu hii ina maana ya moja kwa moja. Taa zilikuwa zikiwaka dakika zote 480. Kompresa ilikuwa ikinguruma, na kompresa isiyo na mzigo bado inaweza kuvuta robo ya umeme wake au zaidi. Vibati 144 vilivyoharibika vilitumia bati, umeme na mafuta sawa na vile vizuri, kisha vikaenda kwenye vyuma vikuukuu. Chuma hicho kitayeyushwa upya na moshi utatoka mara ya pili kwa kazi ileile. Mashine ikipandishwa kutoka asilimia 54 hadi 70, kila kibati kizuri kitakuwa kimebeba umeme mdogo zaidi bila kununua mashine mpya.

Mahali pa kuanzia ni daftari na kalamu. Kila mashine inaposimama, mwendeshaji aandike saa na sababu. Baada ya mwezi mmoja, sababu mbili au tatu hujitokeza zikiwa zimekula muda mwingi kuliko nyingine zote. Mara nyingi ni mambo ya aibu kuyataja: spana haionekani, bolti za kalibu ni za saizi nne tofauti, beringi haikutiwa grisi. Mwendeshaji ndiye anayeyajua kuliko mkubwa wake, ila hajaulizwa. Na hapa daftari likigeuzwa kuwa la kutafutia makosa ya wafanyakazi, litaanza kuandikwa uongo ndani ya wiki moja.

Upande wa mota, mambo ni machache. Mota inayofanya kazi kila siku hula umeme wa thamani kubwa kuliko bei yake mara nyingi, kwa hiyo mota ya bei rahisi yenye ufanisi mdogo huwa ghali ndani ya muda mfupi. Mota iliyoungua na kufungwa waya upya ovyo hupoteza ufanisi zaidi. Mikanda iliyolegea hula umeme, na iliyokazwa kupita kiasi huua beringi. Wateja wakubwa wa Kenya Power nao wana jambo la kuangalia kwenye bili: kipimo kiitwacho pawa fakta kikishuka chini ya 0.9, hutozwa ada ya ziada. Mota kubwa zinazozunguka bila mzigo ndizo huzishusha bili nyingi katika shimo hilo, na kapasita zinazofaa huiondoa ada hiyo.

Umeme unaookolewa jioni una thamani ya pekee kwa wakazi wa Changamwe. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, mabwawa na upepo. Lakini mahitaji yanapopanda jioni, mitambo ya Kipevu inayotumia mafuta mazito huitwa kusaidia, na bomba zake za moshi ziko papo hapo Changamwe.

Joto na rangi

Springi za majani hutengenezwa kwa kupasha chuma joto la karibu nyuzi 900, kukikunja, kukizamisha kwenye mafuta ili kiwe kigumu, kisha kukipasha tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama glasi. Tanuri ndilo linalokula fedha. Mlango wake ukiachwa wazi kati ya mzigo mmoja na mwingine, au matofali yake ya ndani yakiwa na nyufa, sehemu kubwa ya mafuta hupasha moto uwanja na mgongo wa fundi. Kuna karakana zinazowasha tanuri saa moja asubuhi na kuanza kutia chuma saa tatu. Kupanga mzigo ili tanuri lijae na lifululize hakugharimu chochote.

Jambo baya zaidi ni kile kinachochomwa. Baadhi ya matanuri huwashwa kwa oili chafu ya magari kwa kuwa ni rahisi. Oili hiyo imebeba chembe za metali kutoka ndani ya injini, na ikichomwa kwenye kichomeo kisicho na udhibiti, chembe hizo hutoka na moshi na kutua kwenye nguo zilizoanikwa na paa zinazovuna maji ya mvua.

Wanaoyeyusha aluminiamu, kwa mfano pistoni na vichwa vya injini vilivyokufa, wako upande mzuri wa hesabu. Kutengeneza aluminiamu kutoka kwenye chuma kikuukuu hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini. Ila pistoni zikiingia tanurini zikiwa na oili, grisi na rangi, sehemu ya faida hiyo hupaa kama moshi mweusi. Kuosha kabla ya kuyeyusha hulipa.

Rangi nayo ni hadithi ya bunduki. Bunduki ya kawaida ya presha kubwa hufikisha kwenye bati labda theluthi moja ya rangi inayotoka kwenye kikombe. Iliyobaki huwa ukungu: huenda kwenye mapafu ya mpigaji, kwenye gari la jirani, kwenye vibanda vya chakula. Bunduki za presha ndogo na hewa nyingi, zinazojulikana kwa herufi HVLP, hufikisha karibu theluthi mbili. Fundi anayepiga rangi matatu mbili kwa wiki huirudisha bei ya bunduki hiyo kwa rangi na thina anayookoa. Anayepiga rangi kwenye uwanja wa wazi Mishomoroni au Mtongwe, upepo wa bahari ukivuma, anapoteza zaidi ya hapo. Kibanda chenye kuta tatu na feni ya kuvuta hewa kupitia chujio si anasa.

Owino Uhuru

Hadi hapa kila kilichotajwa kinaweza kutetewa kwa kikokotoo. Kuna upotevu mwingine ambao mwenye kiwanda anaweza kuuvumilia kwa miaka bila kufilisika, kwa sababu anayeulipia ni mtu mwingine. Mombasa inaujua vizuri kuliko sehemu nyingi za Afrika.

Betri ya gari dogo ina karibu kilo 9 za madini ya risasi. Ni kipuri kinachoweza kurudishwa kiwandani karibu chote: risasi huyeyushwa na kuwa betri mpya, plastiki husagwa, na tindikali hupunguzwa makali. Kwa karatasi ni mfano bora wa uchumi usiotupa kitu. Tatizo liko katika namna ya kuyeyusha. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo hata jiko la makaa hulifikia. Ili kupata risasi kutoka kwenye tope la ndani ya betri, joto lazima lipande zaidi sana, na hapo mvuke na vumbi laini hutoka. Vumbi hilo halina harufu ya kutisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo hushambulia ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Katikati ya miaka ya 2000, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kilianzishwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe na sasa liko Jomvu. Moshi na maji ya kiwanda viliingia mtaani, na wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na mtoto wake alipougua ikagunduliwa kuwa ana risasi mwilini. Aliacha kazi na kuanza kuwakusanya wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ilichukua muda mrefu zaidi. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizotakiwa kukisimamia wakabebeshwa lawama. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo ya shilingi bilioni 1.3. Kati ya kufungwa kwa kiwanda na uamuzi wa mwisho, watoto waliokuwa wakinyonya walikuwa wamefika darasa la juu.

Kiufundi, mambo ambayo yangezuia balaa hilo yanajulikana na si mageni. Betri huvunjwa ndani ya jengo lililofungwa, si uani. Tanuri huwekewa kofia inayovuta mvuke na kuupitisha kwenye mifuko ya chujio. Vumbi linalonaswa kwenye chujio lina risasi nyingi na hurudishwa tanurini, kwa hiyo sehemu yake hugeuka kuwa mali. Tindikali hukusanywa na kupoozwa kwa chokaa au magadi kabla maji hayajatoka. Wafanyakazi huoga na kubadilisha nguo kazini, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Risasi iliyonaswa, hata hivyo, hailipi gharama ya vyote hivyo. Mwenye kiwanda anayeangalia kikokotoo tu ataona nafuu kuacha chujio. Hapo ndipo umbali kutoka makazi, tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi, na mkaguzi anayefika kweli vinapohitajika. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ilikuwa tayari ikidai tathmini hiyo kiwanda kile kilipoanzishwa.

Uyeyushaji wa betri kwa siri haukuisha na kiwanda kile. Mtu anayevunja betri nyuma ya nyumba, akimwaga tindikali mtaroni na kuyeyusha sahani kwa makaa ili auze vipande vya risasi au atengeneze vizito vya nyavu, anafanya kile kile kwa kipimo kidogo, na mara nyingi watoto wake wako hatua chache kutoka pale.

Chini ni mawe ya matumbawe

Ardhi ya Likoni na Kisauni kwa sehemu kubwa ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yenye vinyweleo na nyufa kama sifongo. Kinachomwagwa juu hushuka haraka, na wakazi wengi huteka maji kwenye visima na mabomba yaliyochimbwa humo humo, kwa kuwa maji ya mfereji hayafiki kila siku. Oili iliyomwagwa nyuma ya gereji au tindikali ya betri haina safari ndefu hadi kwenye ndoo. Upande wa Changamwe na Miritini, mitaro huteremka hadi kwenye mikoko ya Port Reitz na Tudor. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika kwenye mkondo wa Makupa na mikoko ikafa. Wavuvi wa hapo hawahitaji kuelezwa kilichofuata.

Kwa gereji ndogo, ulinzi ni wa vitu vya kawaida. Sakafu ya saruji isiyo na nyufa mahali pa kubadilishia oili. Sinia chini ya injini. Drumu lenye kifuniko, lililoandikwa, lililowekwa mahali pasipofikiwa na mvua. Machujio ya oili yaachwe yachuruzike usiku kucha kabla ya kutupwa. Oili chafu na betri kuukuu ziuzwe kwa wachukuzi wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na risiti ihifadhiwe. Tambara na vumbi la mbao lililonyonya oili visichanganywe na taka za kawaida: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozaliwa.

Nani anahusika na nini

Majukumu yamegawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na mgawanyo huo huwachanganya watu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, uzoaji wa taka, leseni za biashara, na vyuo vya ufundi vya mashinani. Mkazi anayesumbuliwa na moshi, ukungu wa rangi au kelele za mashine usiku anaweza kuanzia ofisi ya kaunti katika wadi yake. NEMA, iliyo chini ya serikali ya kitaifa, hushughulikia leseni za tathmini ya mazingira, taka hatari kama betri na oili, na ukaguzi wa kila mwaka wa viwanda. Matangi ya hewa, mashine zisizo na vikinga na afya ya wafanyakazi ni kazi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.

Kuhusu umeme, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 ziliweka wazi kwamba kituo kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka 3 na kuonyesha kwamba mapendekezo yanatekelezwa. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo cha ufanisi wa nishati kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na wizara ya nishati, na viwanda huweza kukitumia kupata wakaguzi. Karakana iliyo chini ya kiwango hicho hailazimiki kukaguliwa, lakini jaribio la kompresa wakati wa chakula cha mchana haliombi kibali cha mtu.

Anayetoa malalamiko kuhusu kiwanda au karakana aandike tarehe, saa, upande upepo ulikovumia na alichokiona au kukinusa, na apige picha ikiwezekana bila kuingia kwenye kiwanja cha mtu. Mzazi anayeishi karibu na mahali betri zinapovunjwa au kuyeyushwa, na ambaye mtoto wake ana maumivu ya tumbo yasiyoisha, damu iliyopungua au anachelewa kujifunza, amweleze daktari waziwazi kuhusu betri hizo, kwa sababu risasi haionekani kwa vipimo vya kawaida vya damu na lazima kipimo chake kiombwe kwa jina.